Breki za Noah ya Baba

Bagamoyo, Jumatatu

Kwa Baba yangu, Mzee Mtoro,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Pangani, na Shangazi Sihaba mguu umepungua uvimbe na ameanza kuukanyagia. Mpe salamu zangu nyingi, mwambie dua tunamwombea. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, Raya na mwanawe hawajambo, na huyo mjukuu wako siku hizi amejua kucheka, anacheka hata na pazia. Barua nimempa Twalha akuletee mkononi, maana kwenye simu Baba hunipi nafasi. Nikianza neno, wewe umeshalimaliza. Hili nataka nilimalize mwenyewe.

Ni habari ya gari lako la Noah na ya fundi wetu Oswaldi. Nakumbuka ulivyoondoka Msata, siku tuliyokusindikiza safari ya Pangani. Ulishuka garini, ukampigia Oswaldi simu pale pale kituoni watu wanasikia, ukamwambia kiwanja ni chako, gereji yake aivunje, na ukirudi kutoka Pangani usimkute. Kisha ukapanda basi bila kutuaga. Sikulaumu. Usukani nilikuwa nimeushika mimi, na mpaka leo nikifumba macho naliona lile lori. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, pedeli ngumu kama jiwe, magurudumu yanalia, na gari linakwenda tu kuelekea barabara kuu, na wewe nyuma umempakata mtoto. Breki ya mkono ndiyo iliyotusimamisha, baada ya Mungu. Upepo wa lile lori ulitikisa vioo. Baba, niliogopa mpaka nikashindwa kulia.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Siku Oswaldi alipofuta diski mpya za breki kwa petroli akazifunga na pedi mpya, wewe ulikuwa umesimama pale na bakora yako, unamtazama. Jioni ile gari lilikuwa kimya. Asubuhi likaanza kulia, ukigusa breki tu linapiga kelele mpaka watu wa sokoni wanageuka. Akaja, akafungua, akakuta pedi zinang'aa. Akazisugua kwa msasa, akasafisha diski tena kwa petroli, tukaenda naye mpaka Kaole na kurudi, hakuna sauti. Kulipokucha, kelele zile zile. Akazirudisha dukani akaleta pedi nyingine. Zikakaa kimya jioni, asubuhi zikalia. Wewe ukasema anatuchezea. Mama akasema pedi feki. Jirani yetu Chausiku akasema hilo ni jicho la watu. Mimi nami nilimsema Oswaldi vibaya mbele ya wateja wake, nikamwambia ufundi umemshinda, akauze mananasi. Alikunja uso tu akaendelea kufunga nati.

Basi ulipoondoka siku ile nilibaki na gari pembeni mwa barabara, Mama na Raya wamekaa kivulini na mtoto. Nilimpigia Oswaldi kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpigia. Na alikuja, Baba. Baada ya yale yote uliyomwambia, alipanda basi akaja na mkoba wake wa spana, amenuna. Akaniuliza tu njiani tuliona nini. Nikamweleza tuliposimama Kiwangwa kununua mananasi Mama alisikia harufu akasema kuna mtu anakaanga vitumbua karibu, akataka tununue, tukatafuta wala hatukuona jiko. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka jeki, akatoa gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa, kisha akaninyooshea mimi nami ninuse.

Yalikuwa mafuta ya nazi. Na pembeni mwa pedi palikuwa pamenasa unyoya mweupe wa kuku, ncha imeungua.

Baba, nisamehe kwa ninaloandika. Katika mji wetu ni nani anayepaka chuma mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku? Tangu nina akili nakuona ukitoka kuswali Alfajiri unashika ile chupa ya dirishani. Bawaba, kufuli, cherehani ya Mama, mbuzi ya kukunia nazi, vyote vimeishi kwa mkono wako. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba chumvi ya bahari haina aibu, inakula mpaka chuma cha msikitini. Tulipofika nyumbani nikamuuliza Mama. Akasema alikuona mara nyingi umechuchumaa kwenye magurudumu, unaingiza unyoya katika matundu ya rimu. Ulimwambia diski zilitoka dukani na mafuta yake, yule mtu wa bara, yaani Oswaldi, akayafuta kwa petroli, na kulipokucha kutu imeshaanza. Na siku ya safari uliongeza, kwa kuwa njia ni ndefu na mjukuu yumo.

Ile kutu ya asubuhi ni ya juu juu tu, ukikanyaga breki mara chache inafutika. Diski ndicho chuma pekee hapa kwetu kisichotaka mafuta, pedi zikiyanywa zinalia na kuteleza. Hukujua, na mimi nisingejua. Ulikuwa unamlinda mtoto. Lakini Oswaldi hana kosa, na hilo sasa tunalijua watatu, mimi, Mama na yeye.

Nilimwomba akueleze yeye mwenyewe, amekataa katakata. Anasema mpangaji akimwambia mwenye kiwanja neno kama hilo ataonekana mfitini, bora afungashe. Ameshashusha mabati ya upande mmoja wa gereji. Nimemsihi asiguse mengine mpaka urudi, akasema atangoja, ila hakuniangalia.

Baba, sikuombi umwombe radhi, wewe ni mzazi wangu na siwezi kukupangia maneno. Naomba hili tu. Siku ya kurudi, shuka Msata. Tutakuja kukupokea kwa Noah. Breki ziko kimya sasa, amebadilisha pedi tena. Oswaldi ndiye atakayeendesha, mimi nitakaa nyuma na Raya na mtoto. Kiti cha mbele tutakiacha wazi. Ukipanda ukakaa naye, hakuna atakayekuuliza lolote mpaka nyumbani, na mabati atayarudisha mwenyewe. Ukipita ukaenda kupanda basi la Bagamoyo, naye ataelewa.

Msalimie Shangazi na wote wa huko. Bawaba ya mlango wa uani imeanza kulia tangu uondoke. Mama alitaka kuipaka mafuta, nimemkataza. Inakungoja wewe.

Wako mwanao anayekupenda,
Shadya