Kilimani Ongeza, Bondeni Ruka

Jumatatu, 3 Juni
Nimefumua tena. Kabla ya chai nafuma, baada ya chai nafumua, ndio utaratibu wa nyumba hii siku hizi. Semitrela nimeendesha mpaka Ndola, Lubumbashi, Harare. Hakuna kona iliyowahi kunishinda. Leo nashindwa na kijisindano cha kroshia chenye pua iliyopinda.

Blanketi ni la Mama Neema. Alilianza mwenyewe, zigizaga ya kahawia na maziwa, likafika nusu, kisha kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Ni la mjukuu wetu wa kwanza. Neema anajifungua mwezi ujao, huko Mkwajuni kwa mumewe. Ukoo wa mke wangu, mjukuu wa kwanza hufunikwa na kazi ya mkono wa bibi. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake pia. Mkono wenyewe sasa umelala juu ya shuka kama wa mtu mwingine.

Nimemwambia nitamalizia mimi. Akacheka. Nusu ya mdomo, lakini ni kicheko. Toka augue alikuwa hajacheka.

Jumatano, 5 Juni
Nimeelewa! Dereva ni dereva. Hii zigizaga ni barabara tu. Unapanda kilima, unashuka bonde. Ukifika kileleni unaingiza vishono vitatu kwenye tundu moja. Ukifika bondeni unaruka matundu mawili. Usipoongeza, kilima kinakufa. Usiporuka, bonde linakufa. Shuleni niliishia darasa la tano, lakini hili ningemfundisha hata mwalimu mkuu.

Maneno hayamtoki vizuri, kwa hiyo anagonga mbao ya kitanda kwa mkono wa kushoto. Nikikaribia bonde: ko, ko. Yaani ruka mawili. Mkali kuliko trafiki.

Mlango nafunga. Hapa Chapwa nina heshima yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Heshima imekwisha. Baba Osia, jirani yangu, kaingia hodi yake ikiwa nyuma yake. Kanikuta uzi umenizunguka shingo.
"Kaka! Umejiunga na akina mama wa kanisani?"
"Njoo nikupime. Nakufumia soksi ya mdomo."
Tumecheka wote watatu. Alipotoka, Mama Neema akalia bila sauti. Sijui kwa nini.
Najua.

Jumanne, 11 Juni
Amelala mchana kutwa. Sikutaka kuliharibu blanketi lake bila yeye kuona. Nikachukua uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta za watoto, nikaanza kipande changu mwenyewe, nimwonyeshe kwamba fundi kashaiva.

Hakuna wa kugonga. Kilimani nikaongeza kila mara, raha mustarehe. Bondeni nikapita kama sijaona kibao. Kitu kikatanuka, kikatanuka. Alipoamka kilikuwa kama sketi ya mwimba kwaya anayezunguka. Alicheka mpaka akakohoa. Nikataka kukifumua, akakikamata kwa mkono wa kushoto. Nikavuta, akavuta. Nguvu zile alizitoa wapi sijui. Akanionyesha miguuni.

Basi, sketi yangu iko miguuni pake. Baridi ya Juni hapa kwetu haina mchezo.

Ijumaa, 14 Juni
Kahawia iliisha, nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Foleni ya malori mpaka huku. Madereva wa zamani wananipigia honi, mimi nawapungia kama mheshimiwa. Yule mama muuza nyuzi kaniita bashikulu, yaani babu. Nikamjibu kwa Kibemba chote nilichonacho kwamba bado mwezi mmoja, asiniharakishe. Nilirudi natamba.

Nyumbani nikaona hageuzi macho kunitazama. Joto kali, kifua kinakoroma. Tukampeleka kwa daktari. Daktari amesema mengi. Mimi nimesikia moja tu, kwamba nimrudishe nyumbani.

Naogopa. Nimewahi kukatikiwa na breki kwenye mteremko na mzigo wa shaba nyuma. Sikuogopa hivi.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nafuma. Nataka alione limekwisha, basi, sina ombi lingine.
Leo anagonga mara moja tu badala ya mbili. Mkono umechoka. Nimeruka mawili vilevile.

Jumanne, 18 Juni
Asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Nilikuwa bondeni. Nikasubiri agonge.
Nikasubiri.
Nikainua macho.

Alhamisi, 20 Juni
Tumemzika leo. Watu walijaa mpaka barabarani. Nimesalimia kila mtu, nimetania wachimba kaburi, wakasema huyu mzee ni jiwe. Jiwe gani. Sina hata mate mdomoni.

Niandike la jana, maana limenikaa. Dada Eliza, dada mkubwa wa marehemu, alifika kutoka Ivuna. Akaona blanketi kwenye kiti, sindano bado imening'inia. Akasema mbele ya akina mama wote:
"Shemeji, hili linaingia naye kaburini. Kazi ya mkono wa marehemu haimaliziwi na mtu."
Akina mama wakaitika. Kweli, ndivyo wanavyofanya kwao, na mimi si mtu wa kubishana na msiba. Ila Neema alikuwa amekaa ukutani na tumbo lake. Aliliangalia blanketi, akaniangalia mimi.

Mimi niliyebishana na maofisa wa mipaka yote, nikawapa mgongo wote. Nikaingia chumbani. Ile sketi nyekundu ilikuwa bado pale mwisho wa kitanda, imekunjika vile alivyoiacha. Nikaitoa.
"Dada, inayoingia naye ni hii. Alinikatalia kuifumua."
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Hii nini, shemeji? Mbona haina mabonde?"
"Ni kazi ya mkono wangu."
"Hata kwa kuiona tu najua ni yako."

Mtu mmoja akacheka kwa pua, kisha chumba kizima, kisha Dada Eliza akajifunika uso kwa kanga na kilio kikaanza upya. Baadaye ni yeye mwenyewe aliyeingia kumfunika nayo miguu.
"Tangu utoto miguu yake ilikuwa baridi," alisema. "Tulilala kitanda kimoja, alikuwa ananiwekea mgongoni."
Usiku huo huo alilichukua lile blanketi kwenye kiti, akalikunja, akampa Neema alishike.

Ijumaa, 28 Juni
Watu wamekwisha kuondoka. Dada Eliza kaacha chumvi ya kwao Ivuna ndoo nzima, kama napikia jeshi. Neema karudi Mkwajuni, kaniachia blanketi. Sijaligusa. Baba Osia anakuja kila jioni, anakaa, hatanii. Ningependa atanie.

Jumatatu, 8 Julai
Neema kajifungua. Msichana. Wamempa jina la bibi yake, Anyesi. Kwenye simu nimesikia kilio chake, sauti ya tarumbeta, huyo ni wangu kabisa. Nikawaambia anafaa kuwa honi ya lori. Nikakata simu. Nikakaa chini jikoni.

Jumatano, 10 Julai
Nimefika mstari wa mwisho wa blanketi. Mlango umefunguliwa wazi, anayetaka kuona aone. Nimekaa kwenye kiti kilekile, kando ya kitanda. Nilikitandika kwanza.

Kilimani, vitatu. Nikashuka. Nilipofika bondeni mkono ukasimama wenyewe. Nikahamishia sindano kushoto, nikanyoosha wa kulia, nikagonga mbao. Ko, ko.

Nikaruka mawili, nikaendelea.