Anayechukua Kiti Changu Anatua kwa Kishindo

Mpendwa Mama Verda, nakuandikia nikiwa na shida ambayo mke wangu ameshaichoka na mchungaji siwezi kumpelekea, maana mwenzangu katika jambo hili ni wa kanisa letu hilohilo, tena ndiye anayeanzisha nyimbo Jumapili, kwa hiyo naomba jina langu ulifiche, na yeye tumwite Gaylen tu, nawe unisaidie mawazo kabla Juma Takatifu halijafika.

Mimi ni rubani, nina miaka hamsini na moja, nilianza kwa kunyunyizia dawa kwa ndege mashamba ya ngano ya watu huku Kansas, chuo sikumaliza na kampuni kubwa za ndege zilinikataa kwa sababu hiyo, nikaingia kampuni hii ndogo inayowatoa abiria miji midogo na kuwafikisha kwenye ndege za wakubwa, nikakaa kiti cha kulia kama msaidizi miaka mingi mpaka Mungu akanijalia kiti cha kushoto, cha kapteni, na mistari minne begani, na katika kazi yetu, Mama, kila kitu kinakwenda kwa tarehe uliyoajiriwa, safari utakazopewa, Krismasi ya kukaa nyumbani, hata kiti chenyewe, aliyetangulia kuajiriwa anachagua kwanza na hakuna anayebisha.

Sasa tangu biashara ya ndege iharibike mwaka juzi, kampuni kubwa tunayoipelekea abiria imewarudisha nyumbani marubani wake wengi wasubiri bila mshahara mpaka watakapoitwa, na upo mkataba, ambao zamani sisi wenyewe tuliupigia makofi kwa kuwa ulituahidi njia ya kupanda kwenda kwao, unaosema kwamba wao wakikosa kazi wanaweza kushuka kwetu na kukaa viti vya ukapteni, na tarehe zao za kule juu zinahesabiwa mbele ya zetu. Gaylen ni mmoja wao, na aliajiriwa kule miaka saba baada ya mimi kuajiriwa hapa. Lakini kwa mkataba huo yeye ni mkubwa wangu, na kiti kilichomwangukia ni changu.

Hayo ningeyameza. Tatizo ni kwamba mimi pia ndiye mwalimu wa marubani wapya hapa kituoni, na Gaylen amepangiwa mimi, yaani yeye anakaa kushoto anaendesha, mimi nakaa kulia namtazama, abiria wamo nyuma, na safari za mafunzo zikiisha nitie sahihi kwamba anafaa, na nikiitia tu, kesho yake nakuwa msaidizi tena, pengine msaidizi wake yeye. Nisipoitia anarudishwa, na mimi nabaki nilipo.

Na Gaylen hatui vizuri, Mama. Si kwamba hajui kazi. Amezoea ndege kubwa, ambayo magurudumu yakigusa chini macho ya rubani bado yako juu kama amekaa kwenye paa la nyumba, na yetu ukigusa chini uko kama umekaa kwenye trekta, kwa hiyo yeye akifika pale macho yake yanapomwambia ameshafika, anainua pua ya ndege, kumbe bado tuko juu, ndege inaning'inia, inaishiwa mwendo, halafu inaanguka puu. Jumanne iliyopita tulianguka hivyo mpaka Joleen, mhudumu wetu, akachungulia mlangoni akasema, "Samahani Kapteni, tumetua au tumedondoshwa? Kuna bibi huku anataka kujua kama aendelee kusali."

Gaylen akacheka, lakini masikio yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Sijui nakosea wapi, ndugu yangu. Nafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote." Mimi nikanyamaza, maana mtu mzima wa hadhi yake unamwacha ajirekebishe mwenyewe.

Chumbani kwa marubani vijana wananipigia debe. Kuna mmoja, Pacheco, msaidizi anayejua kwamba nikishuka mimi naye anasukumwa chini, kila akiniona anajishika kiuno, "Mzee, huna haja ya kudanganya! Andika tu unavyosikia mgongoni!" Na siku moja Gaylen akiwa palepale anajimiminia kahawa, Pacheco akasema kwa sauti, "Hawa wa ndege kubwa wamezoea kuletewa kila kitu, huku kwetu ndege tunaifagia wenyewe. Akiwa kapteni hapa nitamwonyesha ufagio uliko." Gaylen akageuka akamjibu polepole, "Nionyeshe, mwanangu. Nyumbani nafagia tangu nirudishwe."

Nimemwuliza mke wangu, akaniambia, "Wewe hutaki ushauri, unataka mimi nikuruhusu." Nimesali pia. Kinachonisumbua ni kwamba siamini macho yangu tena. Akitua vibaya nasikia kitu kama furaha, akitua vizuri kidogo najikuta natafuta kasoro. Zimebaki safari nne, ya mwisho ni Jumatano kabla ya Pasaka, na kesho yake, Alhamisi, ni ibada yetu ya kuoshana miguu, na kwa jinsi tunavyokaa jirani yangu wa beseni ni Gaylen. Nimefikiria kusema mgongo unaniuma nisiende, na kwa anavyotua si uongo mtupu. Je, nikimkataa nitakuwa nimetenda haki au nimejitetea? Nikimpitisha, si nimejinyang'anya mwenyewe?

Wako, Rubani wa Kiti cha Kushoto.

JIBU

Ndugu Rubani, pole. Nianze na lililo lako: mkataba huo umekuonea. Mtu aliyefika baada yako amewekwa mbele yako, na kuumia kwako si wivu. Lakini nani kauandika? Si Gaylen. Yeye naye kaondolewa kazini kwake, na uchungu wako umemmwagia yeye kwa sababu ndiye aliye karibu.

Sasa nikugombeze. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja, sikuiona. Mimi sijawahi kuendesha chochote kinachoruka, lakini baada ya kukusoma najua kabisa kwa nini Gaylen anaangusha ndege. Ni macho. Anainua pua mapema kwa kuwa amezoea kukaa juu ya paa. Umenieleza vizuri mno, mtoto angeelewa. Je, yeye umemweleza? Alikuambia waziwazi, "Sijui nakosea wapi." Ukanyamaza. Mtu mzima wa hadhi yake! Ndugu yangu, unajiita mwalimu. Unauliza kama umpitishe au umkatae mwanafunzi ambaye hujamfundisha.

Na nyuma yenu wamekaa watu. Yule bibi aliyekuwa anasali hajui tarehe ya mtu ya kuajiriwa. Kila safari uliyonyamaza, umemnyamazia na yeye.

Fanya hivi. Kesho, ndege ikiwa imeegeshwa, mwite Gaylen mwende wawili tu. Mkalishe kushoto, atazame ardhi kupitia kioo mpaka macho yake yaizoee, ndipo umwambie kile ulichoniambia mimi, cha paa na trekta. Hizo safari mbili za kwanza mfundishe kwa mdomo, usinune. Kisha nenda kwa mkuu wa marubani umwambie kwamba kiti anachokichukua Gaylen ni chako, kwa hiyo huwezi kumpima, mbili za mwisho akae naye mwalimu wa kituo kingine, na sahihi iwe ya huyo. Akikataliwa huko, amekataliwa kwa haki. Akipita, unahamia kulia, na utakaa hapo ukiwa mtu mnyofu. Itauma. Sitakudanganya.

Kuhusu mkataba, usiuache. Chama chenu cha marubani kina mikutano. Simama uongee mpaka wakuchoke, umchukue na Pacheco, huko domo lake litafaa. Mambo ya tarehe yanabishaniwa kwenye mkutano, hayabishaniwi ndege ikiwa inashuka na watu ndani.

Na Alhamisi uende kanisani. Ukimfundisha vizuri kutua, mgongo hautakuwa na kisingizio. Inama uoshe.