Ndiyo ya Maji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini wewe, mama na watoto mmeamka wazima, na mguu wa mama umepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka. Barua yako niliipata juzi, nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni.

Unasema Jumamosi shemeji anakuja na wajomba zake kukurudisha kwenye nyumba uliyoikimbia ukiwa umevunjwa jino. Hoja yao ni moja tu, kwamba ulikubali mwenyewe kurudi, kwenye podikasti ya kazini kwetu, maelfu ya watu wamesikia. Mama naye amekuambia ufunge mizigo uache kumtia aibu. Halafu unaniandikia kwamba labda kweli ulikubali, siku ile kichwa kilichoka, hukumbuki vizuri. Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana sikuwahi kukueleza sawasawa. Tunarekodi kwenye chumba kisicho na dirisha, magodoro yamegongomelewa ukutani kuzuia mwangwi, yananuka jasho la kila mgeni aliyepita. Wageni mkishaondoka naletewa sauti mbichi. Navaa hedifoni, naondoa vikohozi na vigugumizi, nasawazisha sauti zilingane, naandika maelezo, napandisha mtandaoni kabla ya saa kumi. Mtangazaji wetu, yule unayemsifu kwa sauti tamu, sisi tunamwita Mzee Pipi. Anamumunya pipi huku anahoji. Mimi nasikia ikigonga meno, mate yakizunguka, anavyobeua taratibu wakati mgeni analia. Ukitaka kumchukia binadamu mwenzio, sikiliza mdomo wake kwa hedifoni miaka mitatu. Siku hizi hata chakula nakila kwa kinyaa.

Siku yako alikuuliza kama mumeo akija kuomba radhi utampokea. Ulipoondoka alinijia akasema kipindi hakina mkia, wasikilizaji hawapendi mtu anayenyamaza, nitafute mwisho mzuri. Kisha akaenda kula.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dada, ni mimi. Hukukubali. Alipokuuliza ulinyamaza sekunde kumi na tisa, ukamwomba aulize lingine. Nilizikata zote. Ile “ndiyo, asante” wanayokushikilia nayo niliitoa mwanzo kabisa, ulipoulizwa kama utakunywa maji. Nikaibandika pale, nikalainisha maungio, nikaona imekaa vizuri. Mzee Pipi alitaka mwisho tu, wizi niliubuni mwenyewe. Na nisikufiche, nami nilitaka urudi, kwa sababu nilichoshwa na simu za mama za kila siku kuhusu ndoa yako. Tangu juzi naoga na bado najiona nanuka.

Kipindi nimekiondoa mtandaoni leo asubuhi, wanifukuze wakitaka. Ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye mazungumzo yote tangu ulipoingia hadi ulipotoka. Wajomba wakifika Jumamosi, wasikilizishe kabla hawajaketi, na mama awepo. Usiwaruhusu waruke zile sekunde.

Nibusie watoto. Mama nitampigia mwenyewe, usinisemee. Kama hutaki kunijibu, usinijibu, lakini akili yako usiitilie shaka tena. Haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mimi.

Ni mimi,
Mdogo wako