Glasi ya Wifi Niliyoinywa Mimi

Mezani pa cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za cherehani pia, maana ndiyo ninayoshinda nayo. U mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa baridi ya ghala kimepona? Huku tunaendelea. Mwanao Kibonge anatambaa mpaka chini ya meza yangu kutafuta vifungo vya kutia mdomoni, na mashavu yake bado hayana mpinzani.

Barua yako tumeipata. Umeandika kwamba kwa kuwa wifi yangu ni mzima, ukirudi mtamtafutia Kibonge mdogo wake. Nilipofika hapo nilisimamisha cherehani. Kaka, wifi si mzima kama ulivyoambiwa, na aliyefanya uambiwe hivyo ni mimi.

Unakumbuka sukari ilivyompanda akiwa mjamzito. Alipojifungua ilishuka, ila kliniki ilitaka apimwe tena: aende na njaa, atolewe damu, anywe glasi ya maji ya glukosi, asubiri saa mbili, atolewe tena. Nilimsindikiza mimi. Glasi ilipokuja aliionja tu, machozi yakamlengalenga, akasema itamtapisha. Muuguzi alikuwa ameingia chumba cha pembeni. Nikamhurumia, nikaichukua, nikaigugumia yote, na mdomo nikajifuta kwa leso yake. Majibu yakatoka safi, tukakupigia simu tukicheka. Tangu hapo hakurudi kliniki, na matembezi yake ya jioni akayaacha.

Sasa, damu ileile ilitumika pia kwenye utafiti wa akina mama waliopata sukari ya mimba. Wanatafuta alama zinazokaa juu ya vinasaba. Mtafiti alitueleza, nami nikaelewa kifundi: kitambaa ni kilekile, ila chaki iliyo juu yake ndiyo inayosema wapi pakatwe na wapi paachwe. Mimba yenye sukari huenda ikaacha chaki za namna hiyo, na baadhi huenda zikaonyesha ni nani sukari itamrudia. Alisema bado wanajifunza na alama si hukumu. Lakini za wifi zilifanana na za waliokuja kuugua, huku kipimo chake kikiwa kizuri kuliko vya wenzake wote. Akaomba kirudiwe. Mimi nilijua sababu kabla hajamaliza kusema.

Tulirudia juzi. Glasi ilipoletwa wifi alinitazama, nikakunja mikono kifuani. Aliinywa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Sukari imepanda, Kaka. Bado haijawa ugonjwa wenyewe, na wanasema akijihadhari na chakula na kutembea inaweza kushuka. Lakini miezi yote hii alitakiwa awe anajihadhari, na mimi ndiye niliyempotezea.

Lililonikosesha usingizi hasa ni jingine. Muuguzi alipouliza kipimo cha kwanza kilikuwaje, wifi alijibu, "Niliimwaga kwenye sinki, dada. Ilinishinda." Akasemwa pale kama mtoto, Kibonge akiwa mgongoni, nami nimesimama kando nimefunga mdomo uleule ulioinywa. Naona aibu hata kukuandikia.

Kwa hiyo kesho sifungui duka. Naenda kumwambia muuguzi aliyekunywa ni nani, na mtafiti naye asikie, ili wasiendelee kukitegemea kipimo kile. Habari ya mdogo wake Kibonge isubiri mzungumze na daktari. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Uliniachia mkeo nimwangalie.

Nisalimie binamu mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie suruali yake iko tayari. Mungu akutangulie kazini na akurudishe salama.

Wifi anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia kuhusu jino la Kibonge. Hivi sasa ametoka kuniletea chai. Yake haina sukari. Yangu ameitia vijiko viwili, kama ninavyopenda.

Nakupenda na naomba radhi,
Dada yako, Fundi