Mama Mkwe Aliiambia Tume Mambo Ni Shwari

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mama mkwe wangu anaishi nasi, nyonga yake imesagika, daktari alishaandika apasuliwe lakini kampuni ya bima imekataa kulipia, eti upasuaji si wa lazima kwa sasa, ameze dawa za maumivu, na huyo aliyekataa hajawahi kumwona akivuka sebule kwa kushika ukuta. Sasa serikali imeunda tume ya kuchunguza kwa nini bima zinawakatalia wagonjwa, na watafiti wake wakaja mpaka nyumbani, nikafurahi nikijua leo yatasemwa, kumbe mama alishaficha mkongojo nyuma ya kochi, kavaa nguo ya kutokea, kaketi wima, na walipomuuliza kuhusu bima akajibu, "Tunashukuru wanangu, tunahudumiwa vizuri, hatuna neno." Wakaandika, wakaaga. Nilipomuuliza akasema, "Mgeni habebeshwi shida za nyumba." Nataka niende ofisi ya tume nikaseme ukweli, bado wanapokea maelezo, lakini mume wangu anasema nikienda nitakuwa nimemwita mama yake mwongo mbele ya serikali, na nisirudi kwake. Na mama analia akidhani simsikii. Nifanyeje?

Mkazamwana

Marahaba, mwanangu. Pole sana, ila nianze na wewe. Watafiti walipokuwa wakiandika, mdomo wako ulikuwa wapi? Nadhani ulikuwa unamimina chai, ukangoja wageni waondoke ndipo uchemke.

Mama mkwe wako alikuwa anakaribisha wageni tu, ndivyo alivyolelewa. Lakini kwenye ripoti adabu yake itahesabiwa kuwa mteja aliyeridhika, na kampuni itaishika kama ushahidi. Sijui wazee wangapi wamejibu hivyohivyo, na inaniuma. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa na bima, lakini walijua.

Usimzunguke. Kaa naye, umwambie wale hawakuwa wageni, walikuwa kazini, na jibu lake litawaumiza kina mama wengine. Akikubali, mpeleke mwenyewe, aingie na mkongojo wake wamwone. Akikataa, nenda ukaseme yako: wewe ndiye unayemwinua, unayemvalisha, unayemsikia akilia. Huko si kumwita mtu mwongo. Na msiache kukata rufaa. Mrudieni daktari aeleze kwa maandishi kwa nini upasuaji ni lazima. Wengi wakiambiwa hapana mara moja hunyamaza, na kampuni inalijua hilo vizuri kuliko wewe.

Mumeo usibishane naye. Mwachie mama siku moja tu, tangu asubuhi. Amwinue kitandani, ampeleke chooni, amngoje, amrudishe, na asikie mwenyewe kila hatua inavyolia. Akimaliza, akufukuze kama bado ana hamu.