Kwa Baba Mkwe Aliyegeuza Kiti

Iyula, mwisho wa mavuno

Baba,

Neno hilo nimeliandika, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuteka maji kwanza. Miaka ishirini na miwili nimeishi katika boma lako na sijawahi kukuita, wala wewe hukuwahi kuniita. Nilikijua kikohozi chako kuliko nilivyoujua uso wako. Ukikaribia kona unakohoa mara mbili, mimi naingia migombani, wewe unapita, mimi natoka. Majirani zetu Wanyiha walitucheka: "Ninyi Wandali wa Ileje, mkwe akikohoa mnaruka kama panzi!" Na mchungaji alipokuambia kwamba katika Kristo hakuna pazia kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, Mama, mkeo, aliniletea jibu lako jikoni huku amejishika mbavu: "Mwambie mchungaji, pazia la hekalu lilipasuka, langu bado zima."

Sasa umelala, na Mama anasema marehemu hakimbiwi. Kwa hiyo naandika. Shule yangu ni darasa la nne la misheni, utanivumilia.

Nianze na deni la shukrani. Mwanao alipofia migodini, ng'ambo ya Tunduma, ndugu zake walikuja na hoja mbili: ama nirithiwe, ama nirudi kwetu. Nilikuwa nyuma ya ukuta nasikiliza. Ulilia kwanza. Sikujua kama wazee wanalia hivyo. Halafu ukasema, "Kahawa kaipanda yeye na mume wake. Namba ya uanachama katika Chama cha kahawa iandikwe kwa jina lake. Na atakayemfukuza huyu aanze kunifukuza mimi." Nilitaka kutoka nipige magoti mbele yako. Ningewezaje? Nikasonga ugali, nikaukaanga ule uyoga uupendao, Mama akakupelekea. Sahani ilirudi nyeupe, nikasema basi, amepokea.

Ni namba hiyo iliyoniingiza kwenye mambo ya urais wa Chama.

Chama chetu cha kahawa kilikuwa cha wote, Wazungu wa mashamba makubwa na sisi wa vishamba, lakini Rais tangu Chama kilipoanza alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Siku za mkutano Wazungu walikaa vitini barazani, sisi nyasini. Mwaka huu tukaambiwa hata Mwafrika anaweza kugombea. Wanaume wakatazamana. Karibu wote kahawa yao inamenywa kwa mashine ya Bwana Miwani, na nani agombane na mwenye mashine? Nikanyoosha mkono mimi. Si ushujaa, Baba. Nilikuwa na ile mashine ndogo ya mkono aliyoniachia mwanao, basi sikuwa na cha kunyimwa.

Bwana Miwani akazunguka kuomba kura, na mnyapara wake Sadoki akimtafsiria. Kule Isansa nilimsikia kwa masikio yangu: "Waafrika ni watoto wazuri, lakini mtoto hapewi ufunguo wa stoo." Akasema wanunuzi wa Ulaya wakisikia Chama kina kichwa cheusi watadhani kahawa yetu ni chafu. Nikauliza kahawa hiyo wanayoinywa siku zote, imechumwa na kuoshwa na kuanikwa na mikono ya rangi gani? Sadoki hakulitafsiri swali. Akanijibu mwenyewe, "Wewe mama, huna adabu."

Hayo niliyameza. Yaliyonikwama ni ya watu wetu, watu tunaoshiriki nao meza ya Bwana. Walianza kunong'ona, kisha wakasema wazi: "Afadhali Mzungu kuliko mwanamke." Mmoja akauliza kama Rais atakuja kikaoni na mwiko. Sadoki ndiye aliyepata la kuchekesha kuliko yote, likafika hadi Vwawa kabla yangu: "Rais gani huyo? Akimsikia mkwe wake anakohoa anaingia migombani. Siku mnunuzi wa Ulaya akipata mafua, si tutamtafuta Rais porini?" Watu walicheka, Baba. Nami nilicheka kidogo, maana kilikuwa kichekesho kizuri. Nikaenda nyumbani nikalia.

Mama aliniambia baadaye kwamba hukuyajua hayo yote. Siku ya uchaguzi lori la shamba la Bwana Miwani lilipokuja kukuchukua, ulidhani ni heshima ya uzee wako. Ulivaa koti. Sadoki akakushika mkono, akakukalisha kwenye kiti mbele kabisa ya uwanja wa ghala, hatua tatu kutoka pale penye mizani niliposimama kusema. Mimi namtazama karani, nageuka, naona viatu vyako.

Sikufikiri. Mwili wenyewe ulikimbia. Nilijikuta nyuma ya magunia nimechutama, kanga usoni, na uwanja mzima unacheka, na Sadoki anapiga kelele, "Rais wenu huyoo! Mtafuteni!" Nilimwomba Mungu ardhi inimeze. Nikawaza, yamekwisha. Siwezi kukuvunjia heshima wewe uliyenitetea, na bila kusimama pale siwezi kusema neno.

Ndipo nikasikia sauti yako, kwa Kindali, pole pole: "Ni nani aliyeniweka njiani pa mke wa mwanangu?"

Kicheko kikakatika. Yaliyofuata nasimulia kama nilivyosimuliwa, maana uso wangu ulikuwa bado kwenye kanga. Wanasema ulisimama, ukakishika kiti kwa mikono miwili, ukakigeuza, ukakaa ukiipa mizani mgongo. Sasa ukawa unatazamana na baraza la Wazungu uso kwa uso, wewe kitini, wao vitini, jambo ambalo hakuna mtu wetu aliyewahi kulifanya. Ukasema kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Haya, aseme. Mimi nawatazama hawa wageni wasione upweke."

Baba, nilisimama. Nilisema nikiuona mgongo wa koti lako na kisogo chako chenye mvi. Sikumbuki vizuri niliyosema. Nakumbuka nilisema mtoto hapewi ufunguo wa stoo, ni kweli, lakini stoo hii tumeijaza sisi, na aliyeijaza haombi ufunguo, anauliza uko wapi. Nilisema kama mwanamke hafai kuongoza kahawa basi wanaume wakaianike wenyewe mwaka huu, tuone. Wanawake waliokuwa nje ya ua, wasio na namba, walipiga vigelegele mpaka karani akagonga meza.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Kwa muda mrefu nyuma yangu walikuwa wanne. Kisha wewe ukaondoka kitini, ukauzunguka uwanja wote kwa mbali ili usinipite karibu, ukaenda kusimama mbali kabisa nyuma, peke yako, umenipa mgongo. Nafasi tupu kati yetu ilikuwa ya watu hamsini. Wazee wa rika lako wakaona haya kukuacha umesimama hivyo kama mti uliosahauliwa. Wakaja mmoja mmoja wakaijaza nafasi ile. Na wana wao wakawafuata. Bwana Miwani akalalamika kwamba yule mzee amegeukia nyuma, asihesabiwe. Karani akakuna kichwa, akasema, "Bwana, tunahesabu miguu, hatuhesabu nyuso." Nilishinda kwa watu kumi na mmoja.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni ya baada ya kwenda kwako.

Bwana Miwani alitufungia mashine, kama tulivyoogopa. Msimu mzima tumemenya kahawa kwa mashine za mkono tatu, zinahama nyumba hadi nyumba kama mgeni. Mikono imechubuka. Wapo walioninunia, "Ungekuwa Mzungu tungekuwa na mashine," nami nikashika mpini nikazungusha. Lakini Baba, kahawa yetu imepita daraja la juu, magunia yote! Bwana Shamba alitia mkono guniani, akanusa, akaniambia "safi" mbele ya watu. Viti vimeshuka barazani. Sasa ni mabenchi uwanjani, na anayewahi ndiye anayekaa. Barua za Chama kutoka mjini bado zinaandikwa "Kwa Bwana Rais". Nimezijibu zote na kutia sahihi yangu, Tusekile, herufi kubwa. Na Sadoki alileta kahawa ya mkewe, akavua kofia. Sikumcheka. Nilitaka sana, ila sikumcheka.

Siku ya mazishi Mama alinishika mkono akanivuta kwenye jeneza. "Njoo umwone, leo hawezi kukohoa." Nikakuona. Una kijikovu juu ya nyusi, kama alichokuwa nacho mwanao. Miaka yote ile nilidhani kovu lake alilipata kwa kuanguka. Kumbe mlizaliwa nacho, au mlianguka wote.

Wiki iliyopita ndugu walikuja na ile habari yao, kwamba namba yako sasa apewe mwana mkubwa. Nikafungua daftari la wanachama mbele yao, nikaandika jina la Mama. Ni yeye aliyeipalilia kahawa ile. Hawakufurahi. Ni mwanamke wa pili katika daftari lile, na nje ya ua wapo wengi bado wanaosubiri. Nitawaleta kikaoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wachoke kunikatalia.

Mama aliniuliza, "Sasa uchaguzi ujao nisimame nyuma ya nani?" Nikamwambia nyuma ya yeyote umpendaye. Akasema atafikiri. Baba, anasema kweli, anafikiri! Jana nimemkuta na mke wa jirani wanajadili sifa za mtu mwingine kabisa.

Kaa na Bwana kwa amani, Baba yangu. Msalimie mwanao. Nakuahidi hivi: siku hiyo ikifika, Mama akiamua kusimama mstari usio wangu, nitasimama mahali pangu nisigeuze uso, na karani akimruka, mimi ndiye nitakayesema, "Rudi, hujamhesabu huyu."

Mkazamwana wako,
Tusekile