Difu ya Mbele Ilikuwa Bado

MAELEZO YA SHAHIDI

Anayejulikana kwa jina la: Baba Pacha. Umri: miaka 46. Kazi: muuza magodoro. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya stendi ya malori.

Nimeomba nianze upya, kwa sababu niliyosema jana yalikuwa nusu.

Gari ni langu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nililivalisha matairi makubwa kwa kujionyesha tu, maana magodoro hayana uzito huo. Likawa zito kuondoka. Fundi akasema dawa ni kubadilisha gia za difu zote mbili, yale maboksi ya gia katikati ya magurudumu, ya mbele na ya nyuma, zilingane. Za nyuma zilipatikana, za mbele zikawa bado. Nikakosa subira, nikamwambia afunge hizo hizo za nyuma.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, alinikabidhi gari. Gia ndogo ya mkono pale kwa dereva, ile ya kuunganisha magurudumu ya mbele, alikuwa ameifunga kwa mpira wa tyubu. Akaniambia, "Bosi, hapa usiguse mpaka nimalize na mbele. Ukiunganisha, mbele na nyuma zitazunguka tofauti, na kwenye lami, pasipoteleza, zitavutana mpaka kitu kivunjike." Nikamjibu nimesikia. Na nilisikia vizuri kabisa.

Jioni ile ile niliukata mpira kwa kisu cha jikoni. Niliona unaniharibia sura ya gari.

Tarehe 16 shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuja kuazima gari apeleke mabati mlimani. Kazi yake ni kupaua nyumba. Siku zote hunitania kwamba gari langu ni la kuoshwa tu. Akaniuliza, "Shem, mbele inavuta kweli au ni mapambo?" Mke wangu akacheka. Nikasema, "Hiyo inapanda ukuta!" Nikampa funguo. Maneno ya fundi yalinifika kwenye ulimi, nikaona haya, nikayameza.

Alasiri nilipigiwa simu. Nililikuta gari limelala ubavu mtaroni, penye kona ya lami, shemeji amebanwa ndani. Akaniambia, "Niliunganisha kwenye tope, nikapanda vizuri. Kufika lami, usukani ukagoma." Hakunilaumu. Usiku ule hospitali walimkata mguu wa kulia.

Jana mliponiuliza nani aliligusa gari, nilisema fundi. Mkamtoa chini ya gari la mteja, mikono imejaa grisi. Leo nimepita mbele ya mahabusu, akaniita: "Bosi, pole sana. Shemeji anaendeleaje?" Nilishindwa hata kumtazama. Alifanya kazi yake na alinionya. Mwenye kosa ni mimi.

Mke wangu yuko nje kwenye benchi. Tangu juzi anamlaani fundi, na mimi naitikia.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, ni ya kweli, na safari hii sikuacha kitu.

Sahihi: Baba Pacha

Mpelelezi wa zamu: Nimeyaandika mimi. Fundi ameachiwa. Shahidi ameniomba nikamweleze mkewe, kwamba yeye hawezi. Nimekataa. Nimemwita mama huyo aingie, nikatoka, nikafunga mlango.